Jinsi ya Kuunda na Kuongoza Jopo la Majaji wa Shindano la Fidla, Viola na Selo: Mwongozo Kamili kwa Waandaaji wa Mtwara na Lindi

Waandaaji wengi wa mashindano ya ala za nyuzi huku kusini hufanikiwa kupata ukumbi, wafadhili wa zawadi na hata washiriki wa kutosha, lakini shindano lenyewe huvunjikia kwenye meza ya majaji. Malalamiko yanayotufikia kila msimu hufanana: jaji alikuwa mwalimu wa mshindi, alama zilibadilishwa chumbani, aliyepiga vizuri zaidi alishika nafasi ya tatu na hakuna aliyeweza kumweleza mzazi wake sababu.

Katika visa vingi majaji walikuwa na masikio mazuri. Walichokosa ni utaratibu: waliteuliwa siku chache kabla, wakapewa karatasi tupu na kuambiwa watoe alama kwa mia. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake, tangu kumtafuta jaji wa kwanza hadi kujibu rufaa ya mwisho. Umeandikwa kwa shindano la siku moja lenye washiriki wasiozidi 20, wengi wao wakiwa wanafunzi na vijana wa kwaya.

Vinavyohitajika kabla ya kuanza

Andaa vitu vifuatavyo walau wiki sita kabla ya siku ya shindano:

- Majaji watano na jaji mmoja wa akiba. Ukishindwa kupata watano, chukua watatu. Usichukue wanne, kwa kuwa jopo lenye idadi shufwa hugawanyika katikati.
- Karani wa alama asiyekuwa jaji wala mwalimu wa mshiriki yeyote, pamoja na msaidizi wake wa kuhakiki hesabu.
- Nakala za nota za kila kipande, moja kwa kila jaji, zikiwa na namba za baa (vile visehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima).
- Fomu za alama, kalamu za wino na bahasha. Penseli zisikae mezani, kwa sababu alama inayofutika huzaa maneno.
- Saa ya kupimia muda, kengele ndogo, na kifaa cha kutyunia (kulinganishia sauti za nyuzi) chenye nota ya A ya mitetemo 440 kwa sekunde. Programu ya simu inatosha.
- Seti za akiba za nyuzi za fidla, viola na selo, pamoja na rozini (utomvu mkavu unaopakwa kwenye nywele za upinde).
- Vibanio vya nguo vya kushikia karatasi kwenye stendi za nota. Ukumbi wenye madirisha wazi wakati wa kusi huzipeperusha nota katikati ya kipande, na hasara huwa ya mshiriki.

Onana pia na Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, iwe ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, ya Lindi au ya Masasi, akueleze vibali vinavyohitajika. Kwa washiriki wenye umri chini ya miaka 18, pata ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi.

Hatua ya 1: Tafuta majaji wanaosikia mambo tofauti

Mafundi wa ala za nyuzi za klasiki si wengi katika mikoa yetu, na hilo huwafanya waandaaji kumkabidhi kazi yote mtu mmoja anayejulikana kuwa anajua fidla. Jopo la namna hiyo ni jina tu. Wengine wanne watamtazama usoni na kuandika anachoandika.

Lenga mchanganyiko ufuatao. Majaji wawili wawe wapigaji wa ala za nyuzi wenye mafunzo rasmi, na kama Mtwara hawapatikani, waulizie Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichoko Arusha, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar. Wawili wengine wawe walimu wa kwaya wazoefu, ambao makanisa ya Mtwara, Ndanda na Masasi hayawakosi. Hawa husikia haraka sana sauti iliyoshuka au mwendo uliokimbia. Wa tano anaweza kuwa mpigaji fidla wa taarabu.

Huyo wa tano huzua ubishi, nami namtetea. Amezoea kumsikiliza mwenzake jukwaani, anajua upinde mbaya unavyosikika, na sikio lake la sauti ni kali. Jambo moja tu lizungumzwe naye mapema: kuteleza kidole kutoka nota moja hadi nyingine, ambako katika taarabu ni pambo linalotafutwa, katika kipande cha Bach, mtunzi wa Ujerumani wa karne ya 18, huhesabiwa kuwa kasoro kukizidi. Mwalimu wa kwaya naye aulizwe kwa heshima kama anasoma nota za mistari mitano au solfa tu. Asiyesoma mistari mitano bado anafaa, ila asipewe kigezo cha uaminifu kwa nota, kwa kuwa atakuwa anakisia.

Onyo: Usimweke mezani kiongozi wa serikali, padri, shehe au mfadhili kwa ajili ya heshima. Mpe kiti cha mgeni rasmi na umpangie kazi ya kukabidhi zawadi.

Umefanikiwa ikiwa una majina sita, yote yakiwa yamekubali kwa maandishi, na kila mmoja anajua tarehe, nauli yake na posho yake. Posho iwe sawa kwa majaji wote na ilipwe kabla matokeo hayajasomwa, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba jaji fulani alikuwa akisubiri bahasha.

Hatua ya 2: Safisha migongano ya maslahi

Mji wetu ni mdogo na watu wake wanajuana. Mwalimu wa fidla wa Shangani huenda ndiye mjomba wa mshiriki wa Ligula, na jaji kutoka Masasi huenda alimfundisha mshiriki likizo iliyopita. Kujuana si kosa, ila kuficha kujuana huko ni kosa.

Mpe kila jaji orodha ya washiriki wiki mbili kabla, kisha ajibu kwa maandishi maswali matatu: Je, umemfundisha yeyote kati yao katika miaka miwili iliyopita? Je, una undugu na yeyote? Je, una deni, biashara au ugomvi na familia ya yeyote?

Waandaaji wengi hukosea katika kinachofuata. Humruhusu jaji abaki mezani, akae kimya kwa mwanafunzi wake mmoja, kisha aendelee na wengine. Kwa hesabu, huko ni kuharibu kundi zima, kwa sababu mshiriki mmoja atakuwa na alama nne wakati wenzake wana tano, na jaji yule bado anaweza kumbeba mwanafunzi wake kwa kuwashusha washindani wake. Jaji mwenye mwanafunzi au ndugu katika kundi fulani, mathalani fidla chini ya miaka 15, atoke katika kundi hilo lote, na jaji wa akiba ashike nafasi yake.

Zawadi kwa majaji zikatazwe kwa maandishi. Korosho za Newala ni tamu, lakini zinaweza kununuliwa sokoni baada ya matokeo.

Hatua ya 3: Amua vipande na usambaze nota

Weka kipande kimoja cha lazima kwa kila kundi na kingine cha hiari. Cha lazima hukupa msingi wa kulinganisha, na cha hiari humwonyesha mshiriki anapokuwa huru. Kwa wanaoanza kukomaa kwenye fidla, sehemu ya kwanza ya konseto (kipande cha mpigaji mmoja anayesindikizwa na okestra) ya Vivaldi katika ufunguo wa A ndogo (A minor), RV 356, hutumika sana duniani na inapatikana kirahisi. Kwa selo, sehemu za Suti (mfululizo wa vipande vifupi) ya kwanza ya Bach, BWV 1007, zinafaa.

Mfano wa Bach una fundisho kwa majaji. Nakala ya mkono wake mwenyewe ya suti zile za selo haijulikani ilipo. Zilizosalia ni nakala za watu wengine, ikiwemo ya mkewe Anna Magdalena, na hazikubaliani kuhusu nota zipi zifungwe katika mvuto mmoja wa upinde. Kwa hiyo matoleo yaliyochapishwa hutofautiana sana. Jaji anayemkata mtoto alama kwa sababu mivuto yake ya upinde haifanani na ile iliyo kwenye kitabu cha jaji, anamwadhibu kwa kununua kitabu kingine. Kila mshiriki awasilishe nakala ya toleo atakalolitumia, na jaji amfuate kwenye nakala hiyo.

Tangaza pia mapema kama marudio yatapigwa au yataachwa, na kama kupiga kwa kichwa bila karatasi ni lazima. Ushauri wangu ni kwamba lisiwe sharti kwa walio chini ya miaka 15.

Hatua ya 4: Tengeneza fomu ya alama yenye vigezo vinavyosikika

Fomu yenye sanduku moja la mia ni mwaliko wa kutoa alama kwa hisia. Fomu ndefu nayo humfanya jaji awe mjaza karatasi. Vigezo vitano vinatosha:

Usahihi wa sauti, alama 25.
Mapigo na mwendo, alama 15.
Ubora wa mlio na matumizi ya upinde, alama 20.
Uaminifu kwa nota, alama 15.
Uelewa wa muziki: vishazi, nguvu na ulaini, tabia ya kipande, alama 25.

Kama una jaji asiyesoma mistari mitano, kigezo cha nne kwenye fomu yake kijazwe kwa wastani wa majaji wenzake wanaosoma, na karani afanye hivyo kwa washiriki wote wa kundi bila kubagua.

Chini ya kila kigezo andika maneno ya viwango, si namba peke yake. Kwa usahihi wa sauti, kwa mfano: 21 hadi 25, sauti imekaa kote na makosa machache hurekebishwa papo hapo, 16 hadi 20, imekaa katika mkao wa kwanza wa mkono lakini huyumba mkono unapopanda, 11 hadi 15, huyumba mara kwa mara ila wimbo unatambulika, chini ya hapo, ufunguo wenyewe haueleweki. Fanya hivyo kwa vigezo vyote vitano. Kazi hii huchukua jioni nzima, nayo ndiyo itakayokuokoa mzazi atakapouliza.

Usiweke kigezo cha mavazi wala cha tabasamu. Mwaka 2013 mtafiti Chia-Jung Tsay alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu, wakiwemo wanamuziki wa kazi, waliwatambua washindi wa mashindano ya klasiki vizuri zaidi walipotazama video zisizo na sauti kuliko waliposikiliza sauti peke yake. Macho yanajipenyeza mezani bila kualikwa, na haifai kuyapa sanduku lao kwenye fomu. Ukiweza, raundi ya mchujo ipigwe nyuma ya pazia, washiriki wakitambuliwa kwa namba, wakivua viatu vyenye visigino na wakikatazwa kusema neno.

Hatua ya 5: Panga ukumbi, msimu na ratiba

Msimu wa mvua haufai. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua ikipiga kwenye paa la bati hakuna jaji atakayesikia fidla iliyo hatua kumi mbele yake. Juni hadi Septemba ni kipindi bora: ni kikavu, joto limepungua, na kinatangulia msimu wa minada ya korosho, ambapo wazazi wengi hawapatikani.

Unyevu wa pwani una athari zake kwenye ala, nao majaji wanapaswa kuuelewa. Mbao huvimba, vigingi vya kutyunia vikang'ang'ania. Nywele za upinde hurefuka na kulegea, hivyo upinde uliokazwa vizuri asubuhi huwa mlegevu mchana. Mwanafunzi akikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha akaitwa kwenye ukumbi wa joto, ala yake itatoka kwenye tyuni kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Chumba cha kujiandalia kiwe na hali ya hewa ileile ya ukumbini. Ukumbi ukiwa na kiyoyozi, chumba hicho nacho kiwe na kiyoyozi.

Kinanda cha kusindikizia kikaguliwe siku moja kabla. Kama ni piano ya kawaida iliyoshuka, washiriki wote watyuni kwayo, hata kama kifaa cha simu kinasema vingine. Kama ni cha umeme, hakikisha kitufe cha kuhamisha ufunguo kimezimwa, na uwe na betri au jenereta iliyowekwa mbali na madirisha. Umeme ukikatika katikati ya kipande, mshiriki aanze upya sehemu hiyo bila kukatwa alama, na kanuni hiyo isomwe kabla ya shindano.

Kwa muda, hesabu dakika 12 za kupiga, 4 za majaji kuandika na 2 za kubadilishana jukwaa. Jumla ni dakika 18, hivyo washiriki 20 watachukua saa sita kamili bila mapumziko. Weka mapumziko ya robo saa kila baada ya washiriki watano, na mapumziko marefu kuanzia saa sita mchana hadi saa saba na nusu. Muda huo utatosha kwa swala ya adhuhuri na chakula, na hakuna mshiriki atakayepiga nota za taratibu adhana ya adhuhuri ikisomwa msikiti wa jirani. Ijumaa iepukwe.

Meza ya majaji iwe umbali wa mita sita hadi nane kutoka jukwaani. Viti vyao viachane kiasi kwamba jaji hawezi kusoma fomu ya mwenzake. Feni zenye kelele zizimwe mtu anapopiga. Majaji watavumilia dakika 12 za jasho.

Hatua ya 6: Majaji wafanye mazoezi ya kutoa alama

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na gharama yake ni saa mbili tu za jioni ya kuamkia shindano.

Kusanya majaji wote, akiwemo wa akiba. Wasikilizishe rekodi tatu za wanafunzi wasioshiriki, mmoja dhaifu, mmoja wa wastani na mmoja mzuri, kupitia spika moja nzuri. Kila mmoja ajaze fomu peke yake. Kisha mwenyekiti wa jopo asome alama kigezo kwa kigezo, na popote tofauti inapozidi alama tano katika kigezo kimoja, aliyetoa ya juu na aliyetoa ya chini waeleze walichosikia.

Lengo si kuwafanya wafanane. Ni kuhakikisha kwamba wanaposema 18 wanasema jambo moja. Mara nyingi itabainika kwamba mmoja huanzia juu na kukata kila kosa, na mwingine huanzia katikati na kupandisha anapovutiwa. Wakubaliane kutumia maneno ya viwango yaliyo kwenye fomu.

Umefanikiwa ikiwa katika rekodi ya tatu majaji wote watano wanakubaliana ni ipi bora kati ya zile tatu, na tofauti za jumla zimepungua kuliko zilivyokuwa kwenye ya kwanza.

Hatua ya 7: Kusikiliza siku yenyewe

Kura ya mpangilio wa washiriki ipigwe hadharani asubuhi. Mwaka 1996, watafiti Renato Flôres na Victor Ginsburgh walichapisha uchambuzi wa shindano la Queen Elisabeth la Brussels, mojawapo ya mashindano yanayoheshimika zaidi duniani, wakaonyesha kwamba waliopangiwa kupiga siku ya kwanza ya fainali walikuwa na nafasi ndogo ya kushika nafasi za juu. Ikiwa majaji wa kule huwa wagumu mwanzoni, wetu nao watakuwa. Dawa rahisi ni kumwalika mpigaji asiyeshindana afungue ukumbi kwa kipande kimoja, majaji wamjazie fomu kwa mazoezi, kisha fomu hizo zichanwe.

Kwa majaji wasiopiga ala za nyuzi, yafuatayo yatawasaidia kusikia zaidi ya "imependeza".

Msikilize anavyotyuni. Fidla ina nyuzi G, D, A na E. Viola na selo zina C, G, D na A. Usitoe alama kwa kutyuni kwenyewe, lakini ujue kwamba uzi ukiwa umeshuka tangu mwanzo, kila nota ya uzi huo itashuka, na hilo ni tatizo moja wala si makosa arobaini.

Sikiliza mwangwi wa nyuzi zilizo wazi. Mpigaji fidla anapobonyeza D kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa A, na kidole kikikaa mahali pake hasa, uzi wa D ulio wazi hutetema wenyewe na mlio wote hung'aa. Kidole kikikosea kidogo, mng'ao huo hutoweka. Ukiujua mlio huu, unaweza kupima usahihi wa sauti hata kwenye kipande usichokijua.

Tofautisha kosa la mtu na kosa la chombo. Selo nyingi, hasa za bei nafuu, zina nota moja inayonguruma na kutetereka hata mkono wa bingwa ukiishika. Mara nyingi iko kati ya E na F kali (F sharp). Uzi wa E wa fidla nao hupiga mluzi wa ghafla wakati mwingine. Jaji asiyejua haya atakata alama za ubora wa mlio kwa mtoto aliyeazimwa ala ya shule. Ukisikia mngurumo uleule kila nota ileile inaporudi, andika "chombo" pembeni na usikate.

Tazama kama upinde unakwenda sambamba na daraja (kibao kinachoinua nyuzi). Ukipinda, mlio hukwaruza au hupoteza kiini. Hapa macho yanaruhusiwa, kwa sababu yanathibitisha kile sikio lilichokwisha kusikia.

Mtikisiko wa kidole kwenye nota ndefu si kipimo cha ukomavu. Wapo mabingwa wanaoupunguza mno katika muziki wa enzi za Bach, na wapo wanafunzi wanaoutumia kuficha sauti isiyokaa.

Uzi ukikatika, mshiriki apewe dakika kumi za kuubadilisha na aanze upya sehemu hiyo. Uzi mpya huendelea kushuka kwa muda, hivyo aruhusiwe kusimama mara moja kutyuni tena.

Hadhira nayo ina mazoea yake. Vigelegele vikipigwa kati ya sehemu mbili za konseto, visiongeze wala visipunguze chochote. Kutunza fedha jukwaani, ambako kwetu ni ishara ya upendo, kuzuiliwe hadi matokeo yasomwe. Mtu akipanda na noti mkononi mtoto akiwa katikati ya kishazi, upinde huyumba. Weka sanduku la tuzo karibu na mlango na mshereheshaji alitangaze mara mbili.

Majaji wasizungumzie washiriki mezani, chooni wala kwenye chakula. Fomu ikusanywe na karani mara tu dakika nne zinapokwisha, ndani ya bahasha. Hakuna fomu inayorudi mezani.

Hatua ya 8: Kujumlisha bila kumpa jaji mmoja shindano lote

Njia inayozoeleka ni kujumlisha alama na kugawanya. Inaonekana ya haki, lakini ina tundu. Tuchukue majaji watatu na washiriki wawili. Namba 4 alipata 84, 83 na 62. Wastani wake ni 76.3. Namba 9 alipata 80, 79 na 90. Wastani wake ni 83. Namba 9 ameshinda, ingawa majaji wawili kati ya watatu walimwona namba 4 kuwa bora. Jaji wa tatu, kwa kutawanya alama zake kuliko wenzake, ameamua peke yake. Huenda ana nia njema kabisa. Tabia yake ya kuandika namba ndiyo iliyoshinda.

Kwa fainali, geuza alama za kila jaji kuwa nafasi. Karani achukue fomu za jaji mmoja, apange washiriki wa kundi kuanzia mwenye alama nyingi, ampe wa kwanza 1, wa pili 2 na kuendelea. Waliofungana wagawane nafasi zao: wawili wanaogombea ya pili na ya tatu hupata 2.5 kila mmoja. Kisha nafasi za majaji wote zijumlishwe, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Katika mfano wetu, namba 4 ana 1, 1 na 2, jumla 4. Namba 9 ana 2, 2 na 1, jumla 5. Uamuzi wa wengi umerudi mahali pake.

Wakifungana kwa jumla, angalia nani aliwekwa juu ya mwenzake na majaji wengi zaidi. Kwa jopo la watu watano, swali hilo karibu kila mara hupata jibu. Likikosa, linganisha jumla ya alama za uelewa wa muziki, na hilo nalo liwe limeandikwa kwenye kanuni mapema.

Kwa raundi ya mchujo usihangaike na nafasi. Kila jaji aandike "ndiyo" au "hapana" kwa kila mshiriki baada ya kujaza fomu, na wenye ndiyo tatu au zaidi kati ya tano wapite.

Karani ajumlishe, msaidizi ajumlishe upya bila kuona hesabu ya kwanza, kisha walinganishe. Majaji wasibadilishe alama baada ya kuona jumla. Katika Queen Elisabeth majaji hawajadili washiriki kabla ya kutoa alama, na nimeona busara ya kanuni hiyo hata kwenye ukumbi wa parokia: mjadala humpa ushindi mwenye sauti nzito.

Hatua ya 9: Maoni ya maandishi kwa mshiriki

Mshiriki wa Nachingwea aliyesafiri kutwa nzima anastahili kuondoka na zaidi ya namba. Kila jaji aandike sentensi tatu: jambo lililofanikiwa, jambo la kurekebisha pamoja na mahali lilipotokea, na zoezi moja la kufanya.

"Ongeza bidii" haimsaidii mtu. Maoni yenye manufaa husomeka hivi: "Kuanzia baa ya 21, mkono unapopanda, sauti inashuka kwa sababu kidole gumba kinabaki nyuma. Piga skeli ya A kubwa ya oktavu mbili polepole, ukisimama kwenye kila nota hadi isikike safi, kabla ya kurudi kwenye kipande."

Jaji asimwite mtoto pembeni kumpa maoni ana kwa ana. Mazungumzo yafanyike ukumbini, mzazi au mwalimu akiwepo.

Hatua ya 10: Kutangaza matokeo na kupokea rufaa

Mwenyekiti na karani watie saini karatasi ya matokeo kabla mgeni rasmi hajaiona. Soma nafasi tatu za kwanza kwa kila kundi, kuanzia ya tatu, na usisome alama za mtu yeyote hadharani. Kila mshiriki apewe bahasha yenye nafasi yake na maoni ya majaji wote.

Mgeni rasmi akitaka kumzawadia mtoto aliyemvutia, jambo ambalo hutokea karibu kila mara, litangazwe kuwa zawadi binafsi ya mgeni rasmi, baada ya zawadi za shindano kwisha. Kwa njia hiyo atafurahi, na matokeo hayataguswa.

Rufaa ipokelewe kwa maandishi ndani ya saa 24, na ihusu utaratibu pekee: hesabu iliyokosewa, muda uliokatwa kinyume na kanuni, jaji aliyeficha uhusiano. Rufaa inayodai kwamba mtoto alipiga vizuri kuliko mshindi isifunguliwe. Mwenyekiti ajibu ndani ya siku saba, akiambatanisha jedwali la nafasi za kundi husika lisilo na majina ya majaji. Fomu zote zihifadhiwe kwenye bahasha zilizofungwa kwa mwaka mmoja, zikiwa mikononi mwa mtu asiyekuwa mwalimu wa muziki, kisha zichomwe mbele ya mashahidi wawili.